Dau na Mkeka

(Somo la historia kwa madarasa ya kisomo ya watu wazima. Lilisomwa redioni, na limechapwa hapa ili wanafunzi wa Kiongoroni na vijiji vingine vya delta ya Rufiji walisome tena polepole kwa macho yao wenyewe.)

Nadhani taa imekwisha washwa na kila mtu ana kalamu yake. Ninyi mliochelewa kwa sababu maji yamekupwa na chombo kimekwama matopeni, ingieni, nafasi zipo.

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno mawili: DAU na MKEKA.

Haya, tuyasome pamoja. Dau. Mkeka. Hakuna mtu wa delta asiyeyajua. Dau ni chombo cha kuendea majini, na mkeka ni kitu cha kulalia ambacho kina mama wa Rufiji hukisuka kwa ukindu. Lakini kila neno katika haya mawili lina maana ya pili. Dau ni fedha anayoiweka mtu katika mchezo wa bahati, akitumaini kurudishiwa zaidi. Na mkeka, katika maneno ya vijana wa siku hizi, ni orodha ya mechi za mpira ambazo mtu amebashiri matokeo yake zote pamoja kwa dau moja. Basi kijana akikwambia, "Mkeka wangu umechanika," usimletee sindano na uzi. Maana yake ni kwamba amekosea mechi moja, na fedha yake imekwenda.

Jina hilo limechaguliwa vizuri mno. Mkeka wa kweli hushonwa ukili kwa ukili. Ukili mmoja ukifumuka, utaushona tena. Mkeka wa simu haushoneki. Mechi kumi, tisa umezipata, moja umeikosa: hupati kitu. Tuseme katika kila mechi una nafasi moja kati ya mbili. Kwa mechi mbili, nafasi yako ni moja kati ya nne. Kwa mechi tatu, moja kati ya nane. Endeleeni kuzidisha kwa mbili mpaka mfike mechi ya kumi, mwalimu atawangoja.

Mmefika? Jawabu ni nafasi moja kati ya 1,024.

Leo twataka kujua jinsi serikali za Afrika ya Mashariki zilivyojaribu kuizuia michezo ya namna hii, na nini kilitokea zilipojaribu. Ni habari ya sheria na ya wakubwa, lakini inaingia mpaka nyumbani mwetu. Tuseme mvuvi ameuza kamba wake, na fedha imeingia katika simu. Zamani fedha hiyo angeifunga kiunoni mpaka nyumbani. Mkewe angeiona, nao wangepanga pamoja: hii ya unga, hii ya madaftari ya watoto, hii ya nyavu. Sasa yaweza kuondoka yote kabla chombo hakijafika ufukoni. Hakuna aliyemwona mume akiitoa, wala yeye mwenyewe hakusema neno. Mkewe ataona tu kwamba nyavu hazikununuliwa.

Katika pwani yetu katazo la kwanza la kamari halikutoka serikalini. Lilitoka katika dini. Uislamu umeharamisha kamari pamoja na ulevi, nao ulikuwako pwani hii kwa karne nyingi kabla ya kuja Mjerumani na Mwingereza. Watu walicheza bao na karata barazani, lakini mtu mwenye kuchunga dini yake alicheza kwa kujifurahisha tu; aliyeshinda alipata kicheko, aliyeshindwa aliinuka akampisha mwenzake. Katazo hili liliishika dhamiri ya mtu. Halikuwa na leseni wala kodi. Shehe hakupata fungu katika mchezo alioukataza. Lishikeni neno hili, fungu, maana tutalirudia.

Waingereza walipoitawala Tanganyika walileta Kanuni ya Adhabu, iliyotungwa mwaka 1930. Kanuni hiyo ilimweka mtu anayecheza mchezo wa bahati kwa fedha mahali pa watu wote katika kundi moja na waombaji wa njiani na watu wasio na kazi. Fikirini vijana watatu chini ya mwembe, wanacheza pata potea, karata tatu juu ya gunia. Askari akipita, aliweza kuwachukua wote watatu, na gunia lao.

Wakati uo huo, huko Nairobi, Wazungu walikuwa wakishindanisha farasi tangu mwanzo wa karne ya 20. Watu waliweka dau juu ya farasi hao mchana kweupe, na hakuna aliyewaita wazururaji. Mwaka 1954, Kenya ikiwa katika hali ya hatari, ukafunguliwa uwanja mpya wa farasi pale Ngong Road. Sisemi kwamba mbio za farasi ni mbaya kuliko pata potea. Nasema tu kwamba mkono wa sheria ulikuwa mrefu chini ya mwembe, na mfupi penye jukwaa.

Ukaja uhuru. Kenya ilitunga sheria yake ya kamari na bahati nasibu mwaka 1966, ikaunda bodi ya kutoa leseni. Tanzania ikafuata mwaka 1967, na Uganda mwaka 1967 na 1968. Nchi tatu, katika miaka mitatu! Nadhani sababu ilikuwa moja. Serikali mpya ziliukuta mchezo upo. Ukiachwa huru utaleta wizi. Ukikatazwa kabisa utajificha. Basi zikachagua njia ya kati: mwenye mchezo apewe leseni, akaguliwe, na alipe kodi.

Kwetu, mwaka 1967 ndio mwaka wa Azimio la Arusha, ambalo lilitufundisha kwamba msingi wa maendeleo ni juhudi na maarifa. Mwaka huo huo ikapita sheria ya bahati nasibu. Halafu, mwaka 1974, ikatungwa sheria ya Bahati Nasibu ya Taifa. Hapo serikali haikuwa tena mkaguzi anayesimama mlangoni. Ilikuwa imeingia ndani, ikaketi. Sheria hizo mbili zilifutwa na Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003, iliyoiunda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ya Tanzania. Bodi hiyo hutoa leseni na kukagua michezo, na sheria haimruhusu mtu aliye chini ya miaka 18 kucheza.

Sasa tulirudie lile neno fungu, kwa hesabu. Watu kumi wameweka shilingi 1,000 kila mmoja. Mfuko una shilingi 10,000. Mwenye mchezo huchota sehemu yake kwanza. Tuseme, kwa mfano tu, anachota moja ya kumi. Zinabaki 9,000, wanapewa walioshinda. Wakizirudisha zote mchezoni, zitabaki 8,100. Wakirudisha tena, 7,290. Andikeni duru zote saba: baada ya duru ya saba mfuko una kama shilingi 4,780, chini ya nusu. Katika wale kumi, huenda mmoja anacheka na tisa wananuna, lakini zaidi ya nusu ya fedha haimo tena mfukoni mwa yeyote kati yao. Iko kwa mwenye mchezo. Na katika hiyo aliyo nayo, serikali huchukua kodi. Hilo ndilo fungu.

Mtu mmoja hapo nyuma atasema, "Hata mvuvi anabahatisha." Ni kweli. Na mkulima wa mpunga naye anaubahatisha mto. Mafuriko ya Aprili 2024 katika Rufiji na Kibiti hatujayasahau. Lakini bahari haikati sehemu yake kabla ya kukupa samaki. Jirani yako akipata kamba, si lazima wewe uwe umekosa. Na mtu aliyevua miaka ishirini anajua maji kuliko yule aliyeanza jana, lakini aliyebeti miaka ishirini haijui duru ya kesho.

Tumeona kwamba zamani kamari ilihitaji mahali, na saa, na watu. Ilihitaji mwembe au jukwaa au duka. Kwa hiyo serikali ilijua pa kwenda. Mambo yaligeuka ilipokuja fedha ya simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Mwaka 2009 waya mkubwa wa intaneti uliopita chini ya bahari ukafika Dar es Salaam. Vitu hivi ni vyema, nami sivisemi vibaya. Mwana aliyeko mjini humtumia mama yake fedha bila kumpa mtu kuibeba. Lakini njia ile ile ikapitisha na dau. Mwembe ukaingia katika simu, na simu inaingia mahali ambapo gari haliingii.

Jaribio kubwa la kuifunga njia hiyo lilifanywa Kenya, kwa hiyo tukae huko kidogo.

Kampuni ya SportPesa ilianza kazi Kenya mwaka 2014. Mtu alituma fedha kwa simu, akachagua mechi zake, akangoja jioni. Kampuni ikakua upesi ajabu. Ikaidhamini ligi ya mpira ya Kenya, na vilabu vya Gor Mahia na AFC Leopards. Mwaka 2017 ikavuka mpaka, ikawadhamini Simba na Yanga. Tarehe 13 Julai mwaka huo timu ya Everton ya Uingereza, iliyovaa jina la kampuni hiyo kifuani, ikacheza na Gor Mahia Dar es Salaam, na Wayne Rooney akafunga bao. Watu walishangilia sana. Fedha iliyomleta Rooney Temeke ilikuwa imetoka wapi? Sehemu yake ilikusanywa shilingi mia mia kwa vijana ambao mikeka yao ilichanika.

Serikali ya Kenya ilianza na kodi. Toka Januari 2018 kampuni zilitakiwa kutoa asilimia 35 ya mapato ya mchezo. SportPesa ikajibu kwa kuondoa udhamini wake katika michezo ya Kenya. Kabla ya mwaka kwisha, kodi ilikuwa imeshushwa mpaka asilimia 15. Mwaka 2019 ukatolewa mwiko juu ya matangazo: yasitolewe redioni na katika televisheni tangu saa 12 asubuhi mpaka saa 4 usiku, na watu mashuhuri wasiyasemee. Kisha, Julai 2019, likaja pigo lenyewe. Leseni za kampuni 27 hazikufanywa upya, na kampuni za simu zikaagizwa kuzifunga namba za kupokelea malipo. Waziri aliyeshika jambo hilo alikuwa Fred Matiang'i. Mwezi Septemba Bunge likapitisha kodi ya asilimia 20 juu ya kila dau, yaani mtu akiweka shilingi 100, 20 ni za serikali kabla mpira haujapigwa. SportPesa na kampuni nyingine, Betin, zikafunga shughuli zao Kenya.

Ngojeni kidogo, tusiharakishe hapa. Ni nini kilichofungwa? Hakikuwa mwembe, wala gunia, wala mchezaji hakukamatwa. Ilifungwa njia ya fedha. Tangu 1930 sheria ilikuwa ikimshika kwa urahisi mtu aliyekaa chini, na mwenye mchezo ikimpa leseni. Mara hii ilimfikia mwenye mchezo kwanza, na kwa siku chache tu. Kwa hiyo msimwamini mtu anayesema kwamba mchezo wa simu hauwezi kuzuiwa. Unazuilika. Jambo gumu ni kuendelea kuuzuia.

Walioumia walionekana mara moja. Wafanyakazi zaidi ya 400 wa SportPesa walipoteza kazi. Wachezaji wa Gor Mahia, klabu yenye sifa kubwa Kenya nzima, walikaa miezi bila mishahara. Waliopona hawakuonekana, kwa sababu mtu ambaye hakupoteza fedha yake haandikwi gazetini. Mke wa mvuvi aliyeletewa fedha kamili jioni moja ya Oktoba hakuhojiwa na mtu. Katika kupima sheria ya namna hii, hesabu ya hasara huja na majina na picha, na hesabu ya faida huja kimya.

Lakini mchezo haukufa. Kampuni zilizobaki na leseni ziliwapokea wachezaji wa zile zilizofungwa. Na hazina ya serikali ikalikosa fungu lake. Julai 2020, miezi kama minane tu tangu ianze kutozwa, ile kodi ya asilimia 20 ikafutwa, na baadaye SportPesa ikarudi Kenya. Mwaka 2021 kodi ya dau ikarudishwa kwa asilimia 7.5, mwaka 2023 ikawa 12.5, Desemba 2024 ikawa 15, Julai 2025 ikashuka mpaka 5, nayo ikatozwa juu ya fedha inayoingizwa kuchezea. Inajaa na kupwa kama maji ya bamvua. Mwishoni mwa Aprili 2025 matangazo yote ya kamari yalisimamishwa kwa siku 30, na Agosti mwaka huo sheria mpya ikatiwa sahihi mahali pa ile ya 1966.

Uganda nayo ilijaribu. Sheria yake ya 2016 ilikuwa imeweka umri wa kucheza kuwa miaka 25, mkubwa kuliko wetu kwa miaka saba. Januari 2019 waziri mmoja akatangaza agizo la Rais Museveni kwamba leseni mpya za kubashiri michezo zisitolewe, na za zamani zikiisha zisifanywe upya. Jina la waziri huyo ni David Bahati, sikulitunga mimi. Hata hivyo kampuni za kubashiri ziliendelea kufanya kazi Uganda.

Na mbali na kwetu, mwezi Agosti 2025 India ilipiga marufuku michezo yote ya intaneti inayochezwa kwa fedha, nchi nzima. Timu yake ya kriketi ilimpoteza mdhamini wake mara moja.

Basi, tuje kwetu. Serikali yetu ikiamua siku moja kuzifunga namba za malipo kama Kenya mwaka 2019, nini kitatokea hapa Kiongoroni? Mimi nitasema ninavyoona, nanyi mtabishana na mwalimu.

Juma la kwanza, naona, litakuwa zuri. Fedha ya kamba itafika nyumbani. Vijana wataona jioni ni ndefu. Lakini aliyekwisha kopa kwa simu ili abeti atabaki na deni lake, maana deni halifutwi pamoja na leseni. Mjini, vilabu vitalia. Mwaka 2022 Simba ilitia sahihi mkataba wa miaka mitano na kampuni ya kubashiri kwa shilingi zaidi ya bilioni 26, na fedha kama hiyo haipatikani kwa kupitisha kofia uwanjani. Wataalamu wa simu, ambao ni wachache kijijini lakini wapo, wataitafuta michezo ya nchi za nje isiyo na leseni yetu. Huko mtu akidhulumiwa hakuna Bodi ya kumsikiliza, na mtoto wa miaka 14 haulizwi umri. Na wale wasiojua njia hizo, naogopa, watarudi chini ya mwembe na karata zao tatu. Hapo askari atawakuta, kama alivyowakuta wale wa zamani.

Hilo ndilo linalonisumbua katika historia hii. Mwenye mchezo alipoguswa, aliondoa udhamini, akaenda mahakamani, akangoja; na baada ya mwaka mmoja au miwili akafunguliwa mlango. Mchezaji akiguswa hana cha kuondoa. Napenda kufungwa kwa njia ya fedha kuliko kukamatwa kwa watu. Lakini serikali inayotaka kuifunga na kuendelea kuifunga lazima kwanza iandike katika bajeti yake mahali itakapopata fedha badala ya lile fungu. Kenya haikuandika, na miezi minane ikatosha kuirudisha nyuma.

Sasa, kazi ya jioni. Kila mwenye simu afungue orodha ya malipo yake ya mwezi uliopita, aisome mwenyewe bila kusomewa. Atafute malipo yaliyokwenda katika michezo, ayaandike katika mstari mmoja, ayajumlishe. Katika mstari wa pili aandike yaliyorudi. Atoe. Jina lisiandikwe juu ya karatasi, na mwalimu asiulize ya nani. Karatasi zikusanywe katika kikapu, na darasa lijumlishe hesabu ya kijiji kizima ubaoni. Asiyecheza aandike sifuri. Sifuri nayo ni tarakimu. Halafu mwulize fundi bei ya mashine moja ya boti, mwiandike kando ya jumla hiyo.

Juma lijalo, saa hii hii, tutasoma habari za meli ya vita ya Wajerumani, Königsberg, iliyozamishwa katika delta yetu Julai 1915. Kwaherini.